Mahindi ya Ndalu Tumboni mwa Meli

Niliondoka nyumbani kwa sababu miguu yangu ilikataa kukaa. Ningependa kuandika sababu kubwa zaidi, lakini hiyo ndiyo iliyokuwepo. Ilikuwa Desemba ya mwaka 2005. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Tatu, mahindi yetu yalikuwa yameshavunwa, na ng'ombe alikuwa mmoja ambaye hakuhitaji watu wanne wa kumtazama. Nilitoka mlangoni hadi langoni, langoni hadi mlangoni, mpaka Mama akaniuliza kama nimekanyaga siafu. Ripoti ya shule ilikuwa juu ya kabati. Chini kabisa mwalimu wa darasa alikuwa ameandika: "Nekesa anajua majibu yote ila hasemi." Baba aliisoma mara mbili, na mara ya pili aliisoma kwa sauti mbele ya wageni.

Jumapili iliyofuata tangazo la safari ya Mulembe likatolewa kanisani kwetu Kibomet. Kwa wale wasioijua, Mulembe ni meli ya matanga yenye milingoti miwili mirefu, nayo inakaa Ziwa Viktoria. Haina tajiri. Ni ya makanisa madogo na vikundi vya akina mama kutoka huku Kitale mpaka ufuoni. Huyu alitoa mbao, yule misumari, na asiye na kitu akatoa mikono yake wiki mbili. Kila Desemba hupeleka mahindi ya huku juu kwa shule za visiwani, ambako udongo ni mawe. Kila kanisa hutoa magunia na kijana mmoja wa kujitolea.

"Nani ataenda?" mzee wa kanisa akauliza.

Vijana wote tukaanza kutazama viatu. Mimi sikusema kitu, ila niliona mkono wangu uko juu.

"Wewe?" Mama alisema tukirudi nyumbani. "Wewe ambaye ukitumwa dukani unaandika kwa karatasi ndio usiongee na mwenye duka?"

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, Kibomet. Lori lilikuja na ukungu. Dereva aliitwa Simiyu, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu aliyeimba nyimbo za kwaya kwa sauti zote nne, akibadilisha kila alipobadilisha gia. Magunia yetu ya Kibomet yalipakiwa, nami nikaketi mbele na begi langu mapajani. Aliniuliza maswali matatu. Nilimjibu kwa kichwa. "Sawa," akasema, "basi nitaimba na sauti yako pia."

Saa tatu, Ndalu. Hapa ndipo kwa khocha wangu, Wafula, kaka yake Mama. Kwetu Wabukusu khocha si mtu mdogo. Akikubariki umebarikiwa, na akikukasirikia hata chakula chako hakikai vizuri tumboni. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa mahindi ya kanisa la Ndalu.

"Nekesa!" akaniita kutoka mbali. "Kibomet wamekosa watu mpaka wanatuma bubu?" Halafu akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Mwaka jana walituchekelea. Ati Ndalu, hapa kwenye ghala la dunia, ilileta gunia saba. Saba! Mwaka huu ni thelathini. Wacha hiyo meri yenu ibebe jina letu mpaka samaki wajue kusoma."

Alisema "meri" kama wengi wa kwetu wanavyosema. Na kweli, kila gunia lilikuwa limeandikwa NDALU kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za ubao wa duka.

Magunia matano yalikuwa hayajajaa. Nilishika midomo yake huku wanaume wakimimina madebe. Punje moja iliruka ikaniingia kiganjani, nikaitia mdomoni kwa mazoea. Mahindi makavu yakiumwa yanasema "ka!" Hii haikusema kitu. Jino lilizama taratibu, kama kwenye mshumaa.

Nilijaribu punje nyingine kutoka gunia lingine. Kimya.

Mvua ilikuwa imenyesha mwisho wa Novemba, kila mtu anajua. Khocha alikuwa amevuna, akapukuchua, na akajaza magunia ndani ya wiki moja, apate hayo thelathini. Na ni yeye huyu aliyenifundisha nikiwa darasa la pili jinsi ya kujua mahindi makavu. Unachukua chupa kavu, unatia mahindi na chumvi kavu, unatikisa. Chumvi ikigandia kioo, rudisha mahindi juani. Ikianguka yote chini, funga gunia.

"Khocha," nikaanza.

"Nini?" Alikuwa juu ya lori, kifua wazi, anacheka na watu wake.

"Hakuna."

Neno hilo moja, "hakuna," nililibeba safari nzima, na lilikuwa zito kuliko begi.

Saa kumi jioni, Misikhu. Lori lililala hapa, na mimi nikalala kwa senge wangu Nasimiyu, dada yake Baba, ambaye huuza nafaka sokoni. Watu wa Misikhu husema Senge anaweza kupita karibu na gunia lililofungwa akakuambia lilivunwa shamba gani. Wakati anapika mboga nilizunguka jikoni, nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena.

"Keti, mtoto. Unaniletea upepo kwa moto."

Nikaomba chupa ya soda na chumvi. Nilikuwa nimechota punje za Ndalu nikazitia mfukoni kabla lori halijaondoka, viganja viwili. Nikatikisa mpaka mkono ukauma, nikaiweka juu ya meza. Chumvi ilikuwa imepanda kwenye kioo chote, nyeupe, haishuki.

Senge aliinua chupa akaitazama kwenye mwanga wa mlango. "Hii ni ya nani?"

"Khocha."

"Wuui. Hii bado inanyonya mama yake. Iko ngapi?"

"Thelathini."

"Na inaenda kufungiwa ndani ya meli, juu ya maji?" Akaweka chupa chini kama mtu anayeweka yai. "Umwambie kabla haijapanda."

"Senge, khocha haambiwi."

"Nani alikudanganya? Khocha hatukanwi. Khocha hapigwi. Kuambiwa, anaambiwa kama mtu yeyote. Ama unataka nikuambie niliwahi kumwambia nini siku ya harusi ya mama yako?"

Nilicheka, lakini usiku huo niligeuka kitandani mpaka binamu yangu akahamia chini kwenye mkeka. Asubuhi nilifunga chupa kwa kipande cha gunzi nikaitia begini. Sijui kwa nini. Ilipiga kelele, chaka chaka, kila barabara ilipokuwa na shimo. Na mashimo yalikuwepo.

Jumanne, saa nne, Bungoma mjini. Tulisimama kuchukua tanga jipya. Lilishonwa na Mzee Harnam, Singasinga ambaye familia yake imeshona maturubai ya malori hapa tangu babu yake. Duka lake linanuka nta na kamba mpya. Tanga lilikunjwa kama mkeka wa jitu, na wanaume sita walilibeba.

"Mimi naharibu ya kwanza," alimwambia Simiyu bila aibu yoyote. "Nashona kama turubai. Imenyooka kabisa, safi. Nahodha narudisha. Nasema, Mzee, lori nataka nguo nalala. Meli nataka nguo iko na tumbo. Basi mimi nafungua yote, naanza tena." Kisha akanigeukia. "Wewe dada, ukikosea, fungua uzi mapema. Uzi ikikaa, inauma kitambaa."

Nilihisi kana kwamba ameona ndani ya begi langu.

Karibu na duka palikuwa na kibanda cha simu. Nilikuwa na namba ya Khocha kwenye daftari, maana alikuwa amenunua simu ya mkono mwaka ule na kuwapa watu wote namba, hata wasiokuwa na simu. Nililipa, nikabonyeza.

"Halo! Halo! Nani? Ongea, bana, hii ni Wafula!"

Nilimsikia akipumua. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia. Nikakata. Mwenye kibanda akaniuliza kama laini imekatika, nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Huo nao ulikuwa uongo.

Jioni, Port Victoria. Tulipita mashamba ya miwa ya Mumias, kisha nchi ikashuka, hewa ikawa nzito na ya joto. Simiyu akaacha kuimba. "Ona," akasema.

Nilitazamia mashua kubwa. Kilichokuwa pale kilikuwa kama nyumba mbili zilizoegemeana, na juu yake miti miwili iliyopita mikaratusi ya shule yetu kwa urefu. Upande wake ulipakwa kijani na kuandikwa MULEMBE, neno letu la salamu, la amani. Ubavuni ungeweza kuona mbao za rangi tofauti, kwa kuwa kila kijiji kilitoa zake. Nilitafuta za Kitale nikaziona karibu na maji. Nilizigusa. Hapo miguu yangu ikasimama kidogo, mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

Tulikuwa vijana tisa wa kujitolea. Sitawataja wote. Aliyetusimamia alikuwa Mwalimu Respah, mwanamke mkavu mwenye filimbi shingoni. Alitusomea sheria za meli, na ya kwanza ilikuwa pombe. Atakayepatikana nayo, tone moja, atashushwa kwenye kituo cha kwanza na jina lake litasomwa katika makanisa yote. "Hii ni meli ya watu wanaoomba," akasema. "Haitayumba kwa ajili ya mtu."

Mpishi aliitwa Barasa. Alinipa kikombe cha chai kabla sijaomba, akasema, "Wewe usiongee, mimi naongea ya watu watatu." Na kweli. Kabla chai haijapoa nilijua kwamba alikuwa mlevi miaka mingi pale Webuye, kwamba bibi yake aliondoka na watoto, kwamba ameacha pombe miaka miwili sasa, na kwamba bibi alirudi mwezi wa nane kwa sharti moja. "Siku moja tu akisikia nimeonja, anafunga vyombo. Ameniambia hivyo bila hasira. Hiyo ndiyo inaniogopesha."

Magunia yakashushwa kwenye tumbo la meli. Ya Ndalu yalishuka kwanza, yakawa chini kabisa. Mengine yote yakapangwa juu yake. Niliona herufi nyekundu zikifunikwa moja moja.

Jumatano hadi Ijumaa, ufuoni. Siku tatu tulifunga tanga jipya. Tulikwaruza rangi ya zamani, tukapaka mpya, tukashona pete za chuma kwenye kingo mpaka vidole vikatoka damu. Lakini kazi ngumu kwangu haikuwa hiyo.

Nahodha Okumu ni mtu mrefu ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye meli za ziwa hilo. Siku ya kwanza alitupanga kwenye sitaha akasema: "Hapa ukipewa amri, unairudisha. Nikisema legeza kamba ya kushoto, unasema, nalegeza kamba ya kushoto. Kwa sauti. Nisiposikia, sijui kama umesikia. Na kama sijui umesikia, mtu anaweza kukatwa kidole. Tumeelewana?"

"Ndiyo."

"Mmeshakosea."

Wenzangu wakacheka. 

"Wewe wa Kitale! Vuta kamba ya mbele!"

"Navuta kamba ya mbele," nikasema.

"Sijasikia."

"Navuta kamba ya mbele."

"Kuna mbu hapa? Nimesikia kama mbu."

"NAVUTA KAMBA YA MBELE!"

Barasa akatoa kichwa jikoni. "Yesu! Kumbe iko na injini!"

Nilitaka kuruka majini. Lakini ilipofika Alhamisi nilikuwa narudisha amri bila kufa. Na nilipenda kupanda mlingoti, kwa kuwa kule juu hakuna anayekuuliza kitu. Unaona ziwa lote na mitumbwi kama punje zilizomwagika. Hata hivyo sikukaa kwa raha. Kila nilipokuwa juu nilitaka kushuka, na nikishuka nilitaka kupanda. Siku hizo tatu jua lilichoma sitaha mpaka nyayo zikaungua, na chini ya sitaha yalikuwa mahindi ya Khocha.

Ijumaa jioni mmoja wetu alinusa hewa akasema, "Nani amepika busaa?"

Watu wakacheka. Ilikuwa harufu ndogo, tamu, chachu, ya ile pombe ya kienyeji. Mtu yeyote wa Bungoma anaijua, hata kama mama yake ni wa ushirika wa wokovu. Mimi sikucheka. Najua busaa inatengenezwa na nini. Ni mahindi yaliyoloweshwa na kuachwa yapate joto. Nilijua, na sikutaka kujua. Nikapanda mlingoti, nikakaa huko mpaka Mwalimu Respah akapiga filimbi.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tuling'oa nanga. Sitasahau tanga lilipojaa. Lilipiga kofi moja, pa!, kisha likatoa tumbo, kama Mzee Harnam alivyosema, na meli nzima ikainama ikaanza kwenda bila kelele ya injini. Tulielekea kisiwa cha Mageta. Kwa muda kidogo nilikuwa na furaha tupu.

Kisha jua likapanda, na harufu nayo ikapanda. Saa nne haikuwa utani tena. Ilitoka kwenye mlango wa tumbo la meli, na mlango huo uko kando ya jiko, na kando ya jiko ndipo kilipo kitanda cha Barasa.

Mwalimu Respah alipekua jiko lote. Alifunua sufuria, akanusa mtungi wa maji, akainua godoro. Hakupata kitu, lakini hilo halikumsaidia Barasa.

"Umeificha wapi?"

"Mwalimu, sina."

"Pua yangu inadanganya?"

"Hata mimi nasikia harufu, Mwalimu. Lakini si mimi."

"Barasa, tulikuchukua tukijua historia yako."

Alipotaja historia, wote tukatazama chini. Barasa alifuta mikono kwenye aproni mara nyingi, ingawa ilikuwa mikavu. "Mkinishusha Mageta," akasema polepole, "mtasoma jina langu kanisani. Bibi yangu anakaa kiti cha pili kutoka mbele. Ataamini nani?"

Nahodha alikuwa kwenye usukani, uso mbele. "Tukifika tutaamua," akasema. Lakini Barasa alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake.

Nikaambiwa nishuke tumboni nilete kamba ya akiba. Nikairudisha amri, nikashuka. Mle ndani kulikuwa na giza na joto kama pumzi ya mtu. Nilipitisha mkono kati ya magunia ya juu mpaka nikagusa yale ya chini. Yalikuwa moto. Yalikuwa na joto la tumbo la kuku anayeatamia. Moja lilikuwa limevimba mpaka mshono umeachia, na punje zilizotoka, nilipozielekeza kwenye mwanga wa mlango, zilikuwa na mikia midogo myeupe. Zilikuwa zinaota.

Nilikaa pale chini. Kweli nilikaa. Nilifikiri: nikinyamaza, magunia yatafunguliwa Mageta na wataona wenyewe. Lakini yangefunguliwa lini? Mzigo hushushwa siku ya pili, na boti inayorudi bara huondoka jioni ileile ya kufika. Barasa angekuwa ndani yake. Na nikisema, jina la Khocha liko kwenye kila gunia, kwa rangi aliyoinunua mwenyewe. Kwetu hakuna anayemwaibisha khocha wake mbele ya watu wa ziwa.

Nilipanda ngazi bila kamba. Nikaenda kwenye begi langu, nikatoa chupa. Nilitembea mpaka katikati ya sitaha. Mdomo ulikataa. Mwalimu Respah akaniangalia. "Kamba iko wapi?"

Sikujua jinsi ya kuzungumza na watu wazima jambo kama hilo. Nilijua tu jinsi ya kurudisha amri. Basi nikaitoa hivyohivyo, kwa ile sauti ya injini:

"MAHINDI YA NDALU NI MBICHI!"

Kila mtu akageuka. 

Nahodha alinitazama. Kisha, bila kuachia usukani, akarudisha: "Mahindi ya Ndalu ni mbichi."

Aliporudisha, nikajua amesikia. Mengine yalitoka yenyewe. Nilisema kuhusu jino, kuhusu chupa, kuhusu joto kule chini, na kwamba harufu si ya Barasa. Nilisema nilijua tangu Jumatatu. Nilisema mwenye mahindi ni khocha wangu.

"Tangu Jumatatu?" Mwalimu Respah alinyanyua chupa, chumvi bado imegandia. "Siku sita ulinyamaza?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Barasa alisimama na shati mkononi, nusu limekunjwa. Nilingoja aseme kitu cha kunifariji, kama kawaida yake. Hakusema. Aliingia jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongea ya mtu hata mmoja. Mwalimu Respah alimfuata. Alisimama mlangoni, na nilimsikia akisema, "Nisamehe, Barasa. Nilihukumu kwa pua."

Saa nane, Mageta. Hatukungoja siku ya pili. Nahodha aliamuru magunia yote yatolewe mara moja. Tulitandaza tanga kuukuu ufuoni, lile la zamani lenye viraka, na kulimwagia mahindi ya Ndalu. Mvuke ulipanda kama wa chungu kilichofunuliwa. Watoto wa shule ya kisiwani walikuja wakakaa pembeni na fimbo kufukuza ndege. Yale yaliyoota na kuvunda, karibu magunia tisa, tuliyazika mbali, hata kuku wasiyapate. Mengine tuliyageuza kwa mikono siku tatu, jua likipanda na kushuka. Magunia ya makanisa mengine, pamoja na ya kwetu Kibomet, yalikuwa salama.

Nilikuwa nageuza mahindi siku ya pili Barasa aliponiletea chai. Alichutama kando yangu.

"Nilikuwa nakunja shati ya mwisho," akasema.

"Najua. Pole sana."

"Siku ingine ukijua kitu, sema wakati mtu bado ameivaa." Akanipa kikombe. Kisha akaanza kunieleza habari za shangazi yake wa Chwele aliyeolewa mara tatu na mwanamume mmoja, nikajua amenisamehe.

Jumamosi iliyofuata, njiani kurudi. Lori lilikuwa tupu na lilirukaruka. Bungoma nilimwambia Mzee Harnam kwamba tanga kuukuu limegeuka turubai ya kuanikia mahindi. Alicheka mpaka kilemba kikasogea. "Basi ile ya kwanza ningewapa ile!" Misikhu, Senge aliniuliza neno moja tu: "Umemwambia?" Nikasema, "Naenda sasa." Akanifungia ndizi za njiani, ingawa Ndalu si mbali.

Saa tisa, Ndalu. Khocha alikuwa uani na wanaume watano wa kanisa wakipukuchua mahindi ya mavuno ya pili. Alinyanyua mikono. "Bubu amerudi! Haya, tuambie. Walisemaje kuhusu magunia ya Ndalu?"

Nilimwomba tuingie ndani ya ghala. Huko nilimpa chupa. Nikamweleza yote, pamoja na simu niliyokata.

"Hiyo ilikuwa wewe?" Kisha uso wake ukabadilika. "Na umenitaja mbele ya watu?"

"Ndiyo, Khocha."

"Kwa jina?"

"Gunia ilikuwa na jina, Khocha. Nyekundu."

Alikaa juu ya debe lililopinduliwa.  Alitazama chupa, akaigeuza, akaitazama tena. "Na huyo mpishi," akasema mwishowe, "iko na watoto?"

"Wanne."

Alinyanyuka akanipita bila kunigusa. Nilidhani ndio basi, kwamba nimempoteza khocha. Nilibaki mlangoni. Nimejifunza mambo mawili katika safari hii, na yote nimeyapata kwenye sitaha. La kwanza, neno la kweli likichelewa, anayeumia si wewe uliyelichelewesha. La pili, kusema ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni ya anayesikia, na huwezi kumfanyia. Bado nina haya. Jana niliandika kwa karatasi nilipotumwa dukani. Lakini pale mlangoni nilisimama nikangoja, na miguu ikakubali.

Khocha alisimama katikati ya uwanja. Wanaume waliacha kupukuchua.

"Mahindi yangu," akasema, kwa sauti ambayo ingefika mpaka kwenye usukani, "ilikuwa mbichi."

Mmoja akaanza kucheka.

"Nani anacheka? Wewe, Wekesa, hii ya leo umeijaribu? Leta chupa. Kila mtu aende alete chupa yake. Na chumvi. Kavu!"

Wakaenda. Baada ya muda uwanja mzima ulikuwa wa wanaume wazima wakitikisa chupa za soda, chaka chaka chaka. Khocha alinipa ya kwake, ile yangu ya Misikhu, aliyokuwa ameifuta na kuijaza mahindi mapya.

"Tikisa," akasema.

"Natikisa," nikajibu.